Rota nne na pampu ya nusu hosi: kisa cha bustani moja Dodoma

Mama mwenye nyumba alinipigia simu katikati ya Agosti, wakati upepo wa Dodoma hauna adabu na vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria. Hakuomba ushauri. Alitaka nimtafutie pampu kubwa zaidi, kwa sababu watu watatu, mmoja wao shemeji yake, walishamwambia kwamba bustani inakauka kwa kuwa pampu ni ndogo. Nikamwomba nije niangalie kwanza kabla hajatoa hela.

Nyumba iko upande wa mtaa wa Kisasa. Mbele kuna mstatili wa mita 12 kwa 8, ukoka mtupu, na mwarobaini mmoja umesimama karibu na katikati. Pembeni mwa njia ya gari kuna kipande kingine cha nyasi, mita 2 kwa 9, kimebanwa kati ya zege na ukuta wa fensi. Nyuma ya nyumba simtanki la lita 5,000 limekaa juu ya mnara wa mita 3, na chini yake pampu ya nusu hosi, yaani nusu ya nguvu ya farasi. Maji ni ya mgao, yanakuja usiku, wanajaza tangi, yakikatika wanaishi na kilichomo.

Fundi wa kwanza alifunga vinyunyizio saba, vyote kwenye laini moja yenye koki moja. Vinne ni rota za gia, kila pembe moja. Hizo ndizo zile ndefu zinazochomoza ardhini na kurusha mchirizi mmoja mnene unaozunguka polepole, kama za viwanja vya mpira. Vitatu ni popapu, vichwa vinavyochomoza maji yakija, za nozeli (kitundu cha kutolea maji) ya kawaida, zinazofungua maji kama feni, zimepangwa kwenye kile kipande chembamba.

"Shikamoo mama. Naomba uwashe nione."

"Marahaba baba. Utaona maajabu."

Kijana wa bustani akafungua. Rota mbili zikainuka vizuri, ya tatu ikainuka nusu na kuvuja shingoni, ya nne ikahitaji kuvutwa kwa mkono. Mchirizi ukatoka umelegea, ukaenda mita sita hivi na kuanguka wote kwa pamoja, kama mtu anayemwaga beseni. Zile popapu za pembeni zikawa zinaosha ukuta. Rangi ya ukuta huo ilikuwa imebanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno.

Nyasi zenyewe zilishachora ramani ya tatizo, huhitaji kipimo. Katikati palikuwa kijani kizito, na ndago zimeota, na ndago haipendi pakavu. Miguuni pa kila rota palikuwa na duara la kahawia ambalo ukipitisha kiganja, majani yanakatika kama karatasi.

Mtu akiona duara kavu kando ya kinyunyizio anadhani kimeziba. Mara nyingi hakijaziba. Mchirizi wa rota ukitoka na presha yake, hupasuka hewani: matone madogo huanguka karibu, makubwa huenda mbali, na njia nzima inapata sehemu yake. Presha ikipungua, mchirizi haupasuki. Maji yote yanakwenda kutua mahali pamoja, na kinyunyizio kinabaki na kiu katikati ya maji yake mwenyewe. Hapa michirizi minne iliyolegea ilikuwa inakutana karibu na mwarobaini, ndiyo maana ndago zilishamiri pale.

Basi shemeji alikuwa sahihi kwamba presha haitoshi. Ila aliishia hapo.

Nilikwenda kusoma kibao cha pampu. Kinasema mtiririko wa juu ni lita 40 kwa dakika, na kimo cha juu, yaani urefu ambao pampu inaweza kusukuma maji kwenda juu, mita 38. Hapa ndipo mafundi wengi wanaponaswa, na mimi nilinaswa miaka ya mwanzo: unasoma lita 40, unasoma mita 38 ambazo ni kama bari 3.7 (bari ni kipimo cha presha), unajiambia una vyote viwili. Huna. Hizo namba mbili ziko kwenye ncha mbili za kamba. Ukitaka lita 40, presha imekwisha. Ukitaka mita 38, maji karibu hayatoki. Kazi yako iko mahali fulani katikati, na mahali penyewe hapaandikwi kwenye kibao. Lazima upime.

Kupima hakuhitaji maabara. Nilifunga geji ya presha kwenye tii (kiungo cha njia tatu) baada ya pampu, mbele yake geti valvu, mwisho wa mpira ndoo ya lita 20, na simu mkononi kwa ajili ya sekunde. Nikakaza valvu mpaka geji ikasoma bari 1: ndoo ilijaa kwa sekunde 34, sawa na lita 35 kwa dakika. Nikakaza zaidi, bari 2: sekunde 48, lita 25. Bari 2.8: sekunde 70, lita 17 na ushee. Kijana wa bustani aliandika kwa makaa kwenye nguzo ya mnara, na maandishi hayo bado yapo.

Sasa upande wa pili. Rota za aina ile hufanya kazi vizuri kwenye bari 3 hivi, na nozeli zilizokuwemo zinakunywa kama lita 11 kwa dakika kila moja. Nne ni 44. Popapu tatu za nusu duara, lita 3 kila moja, ni 9. Jumla ni lita 53 kwa dakika, kutoka kwenye pampu ambayo kwa presha hiyo haifikishi hata 17. Mfumo hauwezi kupata maji ambayo hayapo, kwa hiyo presha inashuka yenyewe hadi mahali ambapo pampu na vinyunyizio vinaelewana. Mahali penyewe hapa palikuwa bari 1 hivi.

Jambo lililoniuma ni lingine. Mama ni mtu wa kutunza vitu, na boksi la rota lilikuwa bado stoo. Ndani yake kulikuwa na kipande cha plastiki kama kitana, kina nozeli ndogo ndogo za saizi tofauti zimeshikana, hakuna hata moja iliyochomolewa. Rota huja na kitana hicho ili fundi achague nozeli kulingana na maji aliyonayo. Aliyefunga alikuta nozeli ya kiwandani imo ndani, akaiacha.

Je, pampu kubwa ingetibu? Ingeinua rota zote nne, hilo sikatai. Lakini kwa lita 53 kwa dakika, simtanki la lita 5,000 lingekauka kwa saa moja na nusu, katika mji wa mgao. Popapu zingeendelea kuosha ukuta, tena kwa nguvu zaidi. Na kulikuwa na udongo.

Udongo wa pale si kichanga. Wakati wa kujenga, ule wa juu ulikwanguliwa, kikaletwa kifusi, kikashindiliwa na magari ya mchanga, ndipo ukoka ukapandwa juu yake. Nilichimba shimo la kina cha sentimita 30, nikajaza maji, nikayaacha yanyweke, nikajaza mara ya pili na kuweka rula. Saa nzima ilipita, maji yameshuka sentimita moja tu. Si kipimo cha kitabuni, lakini kilitosha kuniambia kwamba ardhi ile ukiimwagia milimita 40 kwa saa, sehemu kubwa itatembea kwenda barabarani.

Kwa hiyo kabla sijafikiria aina ya kinyunyizio nilikuwa na mambo matatu mezani: lita 17 kwa dakika kama nataka presha ya maana, ardhi inayokunywa polepole, na upepo. Umbo la bustani na ule mwarobaini vilikuja baada ya hapo.

Mama alikuwa na wazo lake. Alitaka ile ya kugonga, tak-tak-tak, aliyoizoea shambani tangu utoto. Ni chombo cha heshima. Orton Englehardt, mkulima wa matunda wa Glendora huko California, aliipatia hataza mwaka 1935, na mpaka leo inarusha maji machafu kiasi bila kulalamika. Kwa shamba ningemfungia siku hiyo hiyo. Kwa mstatili wa mita 12 kwa 8 unaopakana na baraza, inarusha mbali mno na inataka maji mengi kama rota. Tuliiacha.

Chaguo la pili lilikuwa popapu za nozeli ya kawaida kwenye bustani nzima. Faida zake ni za kweli: bei nafuu, vipuri viko mjini, kila fundi anazijua, na bari 2 zinatosha. Kwa kupanga kila mita 4 zingehitajika 12. Nikajumlisha: robo duara nne za pembeni, nusu duara sita za kingo, duara zima mbili za kati, inafika kama lita 59 kwa dakika. Pampu inatoa 25 kwa bari 2, na sipendi kutumia zaidi ya asilimia 80 ya nilichopima, maana pampu inazeeka na tangi likipungua presha inashuka. Maana yake ningeigawa bustani kanda tatu hadi nne, kila moja ifunguliwe kwa zamu yake. Hilo linawezekana, ni bomba na koki tu. Kilichonizuia ni kwamba mvua yake ni ya milimita 37 kwa saa, juu ya ardhi inayokunywa 10. Utawasha dakika nane, utafunga, utasubiri, utawasha tena. Kijana wa bustani ana kazi nyingine. Pia matone yake ni laini kama ukungu, na upepo wa Dodoma ungeyapeleka kwa jirani.

Chaguo la tatu lilinitesa zaidi, na mama ndiye aliyelileta.

"Hizi nimeshazinunua, baba. Kwa nini usitumie hizi hizi, ukabadilisha hizo nozeli za kwenye kitana?"

Swali zuri. Ukichomeka nozeli ndogo kwenye rota nne za pembeni na kuongeza rota mbili katikati ya kingo ndefu, kila moja inafika kwa mwenzake: mita 6 upande mmoja, mita 8 upande mwingine. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, kila kinyunyizio kirushe mpaka kwenye kichwa cha jirani yake, kwa sababu maji ya kimoja peke yake hayalingani njia nzima, yanalingana yakipandana. Zile za kati, zinazozunguka nusu duara, zingepewa nozeli yenye maji mara mbili ya zile za robo, la sivyo pembe zingeloa maradufu. Ingekuja kama lita 23 kwa dakika, kanda mbili, milimita 14 kwa saa. Nikiri: kama kusingekuwa na mti, na kama bajeti ingekuwa finyu, ningefanya hivyo na nisingeona aibu.

Lakini mti upo. Mchirizi wa rota unaosafiri mita 8 ukigonga shina la mwarobaini, nyuma ya shina kunabaki kivuli kikavu, na mbele yake kunakuwa dimbwi linalooza gamba. Mama alikuwa hasikii habari ya kukata. Mti ule ndio anaokaa chini yake jioni.

Tukabaki na chaguo la nne, ambalo ndilo tulilolichukua: popapu zilezile za kawaida, ila juu yake unafunga nozeli ya kuzunguka. Maarufu zaidi ni MP Rotator ya kampuni ya Hunter, na zipo za wengine. Badala ya feni moja la maji, inatoa michirizi myembamba mingi inayozunguka pole pole kama miale. Inapenda bari 2.8. Ile ndogo inarusha mita 4 hivi, na inakunywa kidogo mno: robo duara kama lita 0.7 kwa dakika, nusu 1.4, duara zima 2.8. Uwiano huo umejengwa ndani yake, ukibadilisha pembe yenyewe inajirekebisha, kwa hiyo fundi hana nafasi ya kukosea hapo. Kumi na mbili zile zile kila mita 4 zinakuja karibu lita 17 kwa dakika, na mvua ya milimita 10 na nusu kwa saa, karibu sawa na ardhi inavyokunywa. Matone ni mazito kuliko ya feni, upepo unayasumbua kidogo. Na kwa kuwa kila moja inafanya kazi ndani ya mita 4, mwarobaini unamwagiliwa pande zote bila shina kuzuia maji.

Lita 17 kwenye pampu inayotoa 17: mwenye papara angesema imefaa kabisa, afunge laini moja aende zake. Mimi niliigawa mara mbili, sita sita, kila kanda na geti valvu yake. Siku tangi likiwa robo na chujio limeanza kuchafuka, bado presha itakuwepo.

Ubaya wake sikumficha. Nozeli moja ya hizi inauzwa mara kadhaa ya ile ya kawaida, na nyingine ilibidi tuagize Dar es Salaam. Matundu yake ni membamba, na simtanki lolote lina matope chini. Kwa hiyo chujio la wavu halikuwa la hiari. Mama aliuliza kama tunaweza kuliacha ili kupunguza gharama. Nikamwambia bora tuache nozeli tatu kuliko chujio. Akacheka, akalipa.

Kile kipande cha pembeni mwa gari tulikifanyia uamuzi mwingine kabisa. Zipo nozeli za vipande vyembamba, najua, ila mita 2 kati ya zege na ukuta uliokwisha kuumuka kwa maji ni mahali pa kuachana na kinyunyizio. Tuling'oa nyasi, tukapanda bougainvillea na mishubiri, tukaweka bomba la matone. Ukuta ulikauka wenyewe; rangi anapaka akipata nafasi.

Kazi ilichukua siku tatu. Bomba kuu la inchi moja, matawi ya robo tatu, na kila kinyunyizio kimekaa juu ya kipande cha bomba laini badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye bomba gumu, ili gari au mguu ukikikanyaga kilale kidogo bila kuvunja shingo. Kabla ya kufunga nozeli tulifungulia maji yatoke wazi kila kichwa mpaka yawe safi. Usiruke hatua hii. Makombo ya PVC yaliyobaki ndani ya bomba ukiyafungia humo, yote yatakwenda kukutana kwenye nozeli ya mwisho.

Kupima mwisho nilitumia makopo ya nyanya ya saizi moja, 16, nikayatawanya kwenye nyasi kwa gridi. Mfumo wa zamani nilikuwa nimeupima hivyo hivyo kabla ya kuung'oa: dakika 20, kopo la katikati lilikuwa na milimita 13 na la kando ya rota halikufika milimita 1. Mfumo mpya, dakika 30 kila kanda: kopo lililopata kidogo kabisa milimita 4, lililopata zaidi 6. Isipokuwa moja, kando ya baraza, lililokuwa tupu.

Nozeli ya pale ilikuwa imesimama, haizunguki, mchirizi wake unapiga mahali pamoja. Nikaifungua, nikatoa kichujio chake kidogo cha ndani, nikakuta nyuzi za tepu ya bomba, zile nyeupe za kufungia nati. Yaani si tope la tangi. Ni mkono wangu mwenyewe, nilizungusha tepu mpaka mwisho wa nyuzi ikaning'inia ndani. Kijana wa bustani aliona, hakusema kitu, ila siku hizi yeye ndiye anayefunga tepu.

Kwa ratiba nilipiga hesabu hivi. Miezi ile ya joto na upepo, ukoka unaotunzwa unataka kama milimita 4 kwa siku, 28 kwa wiki. Ukiongeza ya kupotea njiani inafika 37. Kwa milimita 10 na nusu kwa saa ni saa tatu na nusu kwa wiki, tukagawa mara tatu, dakika 70 kila kanda, kuanzia saa kumi na moja alfajiri kabla upepo haujaamka. Ni lita 3,500 na kitu kwa wiki. Mama akaona ni nyingi, akapunguza ziwe mara mbili. Sikubishana naye. Ukoka ukipewa theluthi mbili ya haki yake haufi, unapoteza tu ule ukijani wa kupigia picha, na mvua za Desemba zikianza koki zinafungwa mpaka Aprili.

Nilirudi baada ya wiki saba. Maduara ya kahawia yalikuwa yameanza kufumwa na vikonyo vipya kutoka pembeni. Ndago bado zipo. Hizo ni za kung'oa kwa mkono, hakuna kinyunyizio kitakachozitoa. Kichwa kimoja karibu na geti kilikuwa kimekatwa na fyekeo. Hapo kosa ni letu: tulichagua popapu zinazoinuka sentimita 10, na ukoka ukirefuka kidogo zinapotelea ndani ya majani. Ningerudia leo ningeweka za sentimita 15.

Zile rota nne mama alinipa. Ziko stoo kwangu kwenye ndoo, pamoja na kitana chao cha nozeli. Kuna shule moja inataka kumwagilia uwanja, wana kisima na pampu ya hosi tatu, na mwalimu mkuu ameshaniuliza anihesabie vinyunyizio vingapi. Nimemwambia Jumamosi nitakuja na geji na ndoo.